Futa Ile ya Kura

Kemuma alirudi nyumbani Alhamisi mchana, viatu vya ofisi mkononi, na Manasseh alipomwona akipanda kwa njia ya majani chai akajua mambo yameharibika. Mke wake hakuwa mtu wa kurudi mchana. Alikuwa anatoka Ekerenyo na gari la kwanza kwenda Kisii mjini, anarudi jioni maziwa yakiwa yamechemka. Siku hiyo ng'ombe alikuwa bado hajakamuliwa, na Manasseh mwenyewe alikuwa katikati ya migomba, shati limepasuka kwapani, anakata mkungu.

"Umefutwa?" akauliza, panga juu.

Hakuwa mtu wa kuzunguka. Kama ni mbaya, atasema ni mbaya, halafu ndio atakuuliza kama umekula.

"Sijafutwa," Kemuma akasema. "Nimeambiwa nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Majina ya wanachama. Yote. Ile orodha ya watu wa kupiga kura Jumapili ya mwisho wa mwezi. Wanasema Ratemo, yule anataka uenyekiti, amenipa kitu kidogo niwamalize."

Manasseh akauacha mkungu ukaanguka wenyewe, pu! "Ratemo? Ratemo hajawahi kumpa hata mbwa wake kitu kidogo."

Kemuma akataka kucheka, ikakataa, akakaa chini pale pale kwa majani makavu na sketi yake nzuri. Manasseh akamwangalia. Halafu akavua lile shati lake baya, akalitandika, akamwambia akalie hilo, sketi ni ya pesa.

Kazi ya Kemuma ilikuwa kwa ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa pareto. Mwaka huo wa sabini na tisa walikuwa wameletewa mashini ya kupiga chapa, kubwa kama meza ya mhubiri, na waya yake imeingia kwa simu. Simu hiyo ilikwenda mpaka Nairobi, na huko Nairobi kulikuwa na kompyuta moja iliyosikiliza watu wa Kisii, watu wa Nyeri na watu wa Kericho wote kwa mara moja, na kila mmoja akaona kama ni yake peke yake. Unaipigia jina lako kwanza. Halafu unaiamrisha: nionyeshe hiki, hesabu hiki, futa hiki. Amri uliyotoa na jibu ulilopewa, vyote vinabaki kwa karatasi ndefu isiyokatika. Manasseh aliiita ile mashini "mume wa mjini". Jioni angemuuliza mkewe, "Mume wa mjini ameshindaje?" na Kemuma angejibu, "Yeye hana maneno mengi kama wa hapa."

Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Kulikuwa na faili mbili," Kemuma akaeleza. "Moja ni KURA, ile ya wanachama. Nyingine ni KULA, chakula cha kamati cha mwaka jana, soda na nyama. Jumatano ya wiki jana bosi, mzee Nyamweya, akasimama nyuma yangu akasema nifute ile ya chakula, maanake mwaka umeisha. Sasa Nairobi wanasema iliyofutwa ni ya wanachama, na jina lililotoa amri ni KEM. Ni mimi."

"Na ulipiga gani?"

Kemuma akapangusa kiatu kimoja kwa kidole.

"Kemuma, ulipiga gani?"

"Nafikiri nilipiga ya chakula."

"Unafikiri?"

"Wewe unakumbuka kila jani ulilokatia ng'ombe?" akafoka, na macho yakajaa. "Mzee anasema nilete karatasi ya Jumatano aone kwa macho yake. Nikamwambia haiko. Akasema basi nimeificha. Akaniambia hivyo mbele ya mpishi wa chai, Manasseh. Mpishi wa chai akaangalia chini."

Manasseh akakuna kichwa. Karatasi ya Jumatano alijua iko wapi. Iko wapi na nani aliipeleka huko.

*

Karatasi zikishatumika zilikuwa zinachomwa nyuma ya ofisi. Kemuma alikuwa ameomba za kubeba nyumbani, kwa sababu nyumba yao ilikuwa mpya na udongo wa ukuta ulikuwa bado unamwagika vumbi, na vumbi hilo lilikuwa linamkohoza usiku kucha. Jumapili iliyofuata ile Jumatano, Manasseh alikoroga gamu ya unga wa ngano kwenye sufuria ya mama yake, akabandika chumba cha kulala chote kutoka chini mpaka kwa mabati. Alifanya peke yake. Hata hakuangalia juu ni wapi na chini ni wapi, amri zingine zilisimama kichwa chini miguu juu. Kemuma aliporudi kutoka sokoni na taa ikawashwa, chumba kilikuwa cheupe kama hospitali. Alilala usiku mzima bila kukohoa hata mara moja, na Manasseh akabaki macho akimsikiliza anavyopumua.

Sasa wote wawili walikuwa humo ndani, Manasseh amepanda juu ya kitanda, Kemuma amepiga magoti sakafuni, wanasoma ukuta.

"Hapa kuna NYA," Manasseh akasema. "NYA ni nani?"

"Ni mzee Nyamweya mwenyewe. Siku zingine anajaribu."

"Ameandika RIST. Mashini imemjibu nini hapa?"

"Imemuuliza anasema nini."

"Ameandika RIST tena. Na tena. Woi, amepigana nayo!"

"Neno lenyewe ni LIST. Alikuwa anataka imwonyeshe orodha. Nilimwacha apigane kwa sababu ningemwambia aje? Ni mzee."

Hapa Manasseh akacheka mpaka kitanda kikalia. Alicheka na ilhali ulimi wake ni ule ule. Watu wa huku hawakuzaliwa na hiyo L. Lori ni rori, na ukimtuma mtu akuletee karamu hatakuletea sherehe, atakuletea kitu cha kuandikia. Shuleni walichapwa kwa ajili yake na bado haikuingia. Kemuma tu ndiye ilimwingia, maanake alijifunzia chapa Kisumu kwa bibi mmoja Mhindi ambaye alikuwa anampiga vidole na rula kwa kila herufi iliyokosea njia.

Jumatano ilikuwa nyuma ya kitanda, kichwa chini. Wakasukuma kitanda. Kemuma akainamisha shingo karibu aivunje, akasoma, halafu akajiweka chini polepole kama mtu aliyeshikwa na mgongo.

"Ni nini?"

"Ni R," akasema. "Nilipiga KURA. Mashini ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo."

Manasseh akashuka kitandani. Akapiga kucha pembeni ya ile karatasi, akavuta. Ikatoka na kipande cha udongo kikubwa kama chapati, na maandishi yakabaki nusu ukutani nusu mkononi.

"Usitoe!"

"Nitoe niichome, iishe."

"Ukiichoma ndio nitakuwa mwizi kweli. Wacha, Manasseh. Tafadhali." Akaishika ile kona iliyotoka, akairudisha kwa mate. "Nakumbuka sasa. Alisema, 'Kemuma, futa ile ya kura.' Nikasikia kura. Moyo ukaniambia, muulize. Lakini nimuulize aje? Ofisini ni bosi, na hapa ni baba mkwe. Mke wa kwenu anamwambia baba mkwe, 'Ati umesemaje? Rudia'? Mimi nikaweka kichwa chini nikafanya."

Manasseh akaiachia ile karatasi. Nyamweya na baba yake marehemu walikuwa watoto wa babu mmoja. Kwa hesabu ya ukoo Nyamweya ni baba yake, na mambo ya chinsoni, ile heshima na aibu kati ya mzee na nyumba ya mwanawe, si ya kuchezea. Mke hasimami karibu na mzee, hamkatizi maneno, hamtazami usoni. Na mzee naye haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mlango ule anaupita mbali kama una nyuki.

Wakaangaliana. Wote wawili walikuwa wamefikiria kitu kile kile.

"Sasa ataisomaje?" Kemuma akauliza.

*

Nyamweya aliambiwa karatasi imepatikana, akaja Ijumaa baada ya saa kumi na moja, na tai, na fimbo, na haraka. Yeye ni Msabato kama wao, na jua likizama hakuna kazi ya ofisi tena, na Jumapili wanachama wanakutana kumuuliza majina yao yameenda wapi. Alipokelewa uani na Bochaberi, mama yake Manasseh, mwanamke mwenye mdomo usiolala. Kwa Bochaberi Nyamweya alikuwa shemeji, na shemeji ni wa kutaniwa hata kama ana tai.

"Karibu, bwana mkubwa. Umekuja kumshika mtoto wangu? Umebeba pingu ama umebeba sukari?"

"Nimekuja kuangalia karatasi, mama Manasseh. Ilete niende."

"Haiji. Ni ukuta."

Manasseh akaeleza, maneno machache, mikono nyuma. Nyamweya akasikiliza mpaka mwisho, na shingo yake ikavimba juu ya kola.

"Karatasi ya ofisi! Inafanya nini kwa chumba cha mtu cha kulala?"

"Inazuia vumbi," Manasseh akasema.

"Nyinyi mlikuwa mnaipa moto," Bochaberi akaingilia. "Huyu mtoto alikuwa anakohoa mpaka mimi kwa nyumba yangu nasikia. Sasa moto nao ulikuwa unakohoa?"

Mzee akaangalia mlango wa ile nyumba. Ulikuwa wazi. Akaona kitambaa cha meza, akaona kona ya pazia la chumba, akageuza uso upesi kama amemkuta mtu akioga. Akazunguka nyumba, akasimama nje nyuma, pale ambapo kwa ndani ndipo kitanda kipo. Kulikuwa na dirisha dogo la mbao. Akaligeuzia mgongo.

"Wewe ingia," akamwambia Manasseh. "Usome vile imeandikwa. Mungu anakuona."

Kemuma alikuwa amesimama mbali kwa mlango wa jikoni, kitambaa kichwani, amewapa wote upande. Manasseh alipompita alitaka kumgusa bega. Hakumgusa, mzee alikuwa pale. Akaingia, akalala kwa tumbo nyuma ya kitanda, akapindua kichwa.

"Inaanza na KEM," akapaza sauti.

"Eeh."

"Halafu imeandikwa ERASE. Ni futa."

"Najua ni futa! Futa nini?"

Manasseh akaangalia ile R. Ilikuwa nyeusi, imeshindilia karatasi kabisa, mguu wake mmoja umetoka nje. Ndipo alipogundua jambo. Kutoka kwa mdomo wake, na kwa masikio ya yule mzee, hata akidanganya na hata akisema kweli, neno litakalotoka dirishani ni moja.

"Kura," akasema.

 Kule nje mzee akapiga fimbo chini.

"Si ndiyo hiyo! Kura! Ndiyo nilimwambia! Kwa hivyo msichana hana makosa, ni hao watu wa Nairobi na uchafu wao wa mashini. Nitawaandikia. Manasseh, toka, imeisha."

Manasseh akabaki amelala pale na shavu limegusa ukuta. Imeisha! Kemuma atapanda gari Jumatatu. Nairobi wabebe, Nairobi iko mbali na ina mgongo mpana. Akatoka mbio, vumbi kwa tumbo, karibu aruke.

Akakuta mke wake amesogea kutoka jikoni. Macho yake yalikuwa chini kwa vidole vya miguu, lakini miguu ilikuwa imekuja.

"Baba," Kemuma akasema, "hiyo ya ukutani ni ya R."

"Kemuma, nyamaza," Manasseh akamwambia kwa sauti ya ndani.

"Nairobi wana karatasi yao. Wataonyesha, na baba ataaibika mara mbili. Niliifuta ile ya wanachama. Ni vidole vyangu."

"Lakini mimi nilikwambia kura!" mzee akasema. "Chakula! Soda na nyama ya kamati! Kura!"

"Ndiyo, baba. Ndivyo nilivyosikia."

Nyamweya akamwangalia kama mtu anayetafuta wapi amepigwa. Alikuwa mtu wa shule, si mjinga. Akainama, akaandika kwa mchanga na ncha ya fimbo, herufi kubwa nne, safi kama za mwalimu: K, U, L, A.

"Hii ndiyo nilisema."

Bochaberi akaja akainama pia. Biblia ilikuwa imemfundisha herufi. "Hii ya tatu ni ile ya umbo la jembe, haina tumbo. Sasa isome, shemeji."

"Kura."

"Manasseh, ile ya ukutani inakaaje?"

"Iko na tumbo na mguu."

"Sasa andika hiyo ya tumbo hapa chini, uisome."

Mzee hakuandika. Alijua tayari. Midomo yake ilisogea kidogo, bila sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, na ulimi ukaenda mahali pale pale.

Bochaberi akaanza kucheka. Alijaribu kuzuia na kanga, kanga haikutosha. "Woi, watu wa Mungu! Umekula watu badala ya nyama!"

"Hii si mchezo!" Nyamweya akafuta mchanga na kiatu. "Mnataka niwaambie nini Jumapili? Kwamba watu wazima wamepotea kwa sababu ya ulimi wangu? Wataniita hilo la kura mpaka nife. Watoto wangu wataitwa hilo." Akatazama jua, lilikuwa linagusa miti ya mlima. "Sabato inaingia," akasema, na akaenda bila chai, na fimbo haikugusa chini tena.

"Sasa umejiua mwenyewe," Manasseh akamwambia mkewe. Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Ilikuwa imeisha. Ulikuwa umeshapona."

"Ningepona kwa kusikia kwake vibaya?"

"Ndio! Si hata uliharibikiwa kwa kusikia vibaya?"

Kemuma akafungua mdomo amjibu, na badala yake, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akacheka. Manasseh hakucheka. Akaenda kumkamua ng'ombe akiwa amekunja uso, na aliporudi alikuwa ameshamwekea Kemuma maziwa ya kwanza, yale yenye povu, kama kawaida.

*

Jumapili wanachama walijaa uwanja wa ghala mpaka wengine wakakaa kwa ukuta. Kemuma alisimama nyuma kabisa. Manasseh alisimama mbele yake, kifua nje, kwa sababu aliwasikia wanawake wawili wakinong'ona jina la Ratemo na wakitazama viatu vya mke wake.

Nyamweya akasimama. Kanisani jana yake hakuwasalimu. Hata sasa hakuangalia upande wao. Alisafisha koo mara nyingi, akaanza kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani.

"Watu wetu. Majina yamefutwa kwa mashini. Hakuna mtu amenunuliwa. Mimi nilitaka kufutwe mambo ya kula, nikasema vibaya, yakafutwa mambo ya kura. Aliyepiga alipiga nilivyosema."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja aliyekaa mbele, Nyangate, mtu wa masikio mazuri na maswali mabaya, akainuka.

"Nyamweya, sisi si watoto. Kula ni *okoria*. Kura ni *ekura*. Zinafanana wapi? Mtu atatoka kwa hii aangukie ile aje?"

"Ni kwa Kiswahili zinafanana."

"Basi tuambie kwa Kiswahili."

Nyamweya akatoa leso, akapangusa mikono yote miwili. "Kwa Kiswahili, moja ni kura. Na nyingine ni kura."

Uwanja ukanguruma. "Anatuchezea!" mtu akapiga kelele kutoka ukutani. "Ni neno moja hilo! Ratemo amemlisha na yeye!"

Manasseh akaona uso wa Nyamweya. Angeweza kuacha hapo. Angeweza kusema, basi, muulizeni msichana, vidole ni vyake. Mzee akainua shingo, akatafuta nyuma ya watu, na akafanya jambo ambalo baba mkwe hafanyi mbele za watu.

"Mke wa Manasseh," akaita. "Njoo hapa mbele. Mimi siwezi. Njoo uwasemee."

Watu wakapasuka kati, njia ikafunguka. Kemuma akapita na kichwa chini, akasimama mbali na mzee hatua za heshima, akainua uso kwa wanachama.

"Kula," akasema, na akapeleka mkono mdomoni.

"Kura," akasema, na akafanya kama anatumbukiza kitu kwa sanduku.

Nyangate akatega sikio. "Rudia, mwanangu."

"Kula. Kura."

Nyangate akajaribu. "Kura," akasema. "Kura." Akasimama, akajisikiliza. Akajaribu tena polepole, na jirani yake naye akajaribu, na nyuma yao wengine, mpaka uwanja mzima ukawa unasema kura, kura, kura, wanawake kwa wanaume, wanatazamana midomo, wanasahihishana kwa neno lile lile, na wale wanawake wawili wa viatu walikuwa wanapigana mapaja kwa kicheko. Manasseh alijaribu kwa sauti kubwa kuliko wote. Akageuka kuuliza kama amepata. Kemuma akamtikisia kichwa kutoka kule mbele, na tabasamu lake alilijua, ni lile la chumbani.

"Aha!" Nyangate akapaza sauti akikaa. "Kwa hivyo hakuna mwizi. Kuna ulimi. Andikeni majina upya."

Walianza kuandika saa ile ile, foleni ikazunguka ghala. Kemuma alipewa meza na kalamu. Ilipofika jioni kidogo Nyamweya akaja upande wa meza, akasimama amempa mgongo, anaangalia foleni.

"Jumatatu uje mapema," akaiambia foleni. "Yote haya yaingie kwa mashini."

"Ndiyo, baba."

"Na hapo ofisini, nikikuambia neno, uniulize mara ya pili. Hiyo si kukosa adabu. Ni kazi."

Kemuma akaandika jina la mtu, akapiga nukta. "Nikuulize namna gani, baba?"

Mzee akafikiria.

"Uniulize ni ile ya mdomo," akasema, "ama ni ile ya sanduku."